Zamu Aliyoigawa Jasmaya

Wasikilizaji wapendwa, leo sauti yangu nzito, mnivumilie. Jasmaya Gharti ametutoka. Jasmaya, aliyetugawia umeme wa mto wetu miaka kumi na minane. Ametutoka Jumanne, akiwa na miaka hamsini na tisa.

Mtambo wetu mnaujua. Kilowati ishirini, nyumba mia moja na arobaini. Mnakumbuka mwaka zilipoingia sufuria za umeme za kupikia wali? Sote tuliziwasha saa kumi na mbili jioni. Umeme ukazimika, kijiji kizima kikabaki na mchele mbichi.

Jasmaya akapita nyumba kwa nyumba. Hakuuliza mna vyombo gani. Aliuliza mnakula saa ngapi. Kisha akapanga: asubuhi kinu cha kusaga nafaka, mchana msumeno wa seremala, jioni sufuria kwa zamu, mtaa wa juu kwanza, wa chini baadaye.

Seremala Jitman alilalamika, "Shemeji, kazi ya usiku mimi nitafune mbao kwa meno?"

"Tafuna, bwana. Ila zamu ya mwenzio usiiguse!"

Kisha mjane Manrupa akaanza kufuga vifaranga. Walihitaji taa ya joto jioni, na zamu zilikuwa zimekwisha. Jasmaya akampa ya kwake. "Ugali wa ulezi usio na moshi ni chakula cha wagonjwa," alisema. Tukacheka. Tukamwamini. Miaka kumi na miwili Jasmaya alipikia kuni.

Mwaka huu mapafu yalimshinda. Daktari akampa mashine ya kumsaidia kupumua, nayo ingekula zamu za nyumba tatu. Akaikataa. "Watoto wa watu walale njaa kwa ajili yangu?"

Binti yake, Phulmati, alikuja kwetu kwa siri kutueleza. Ilikuwa Tihar, sikukuu ya taa, na maji ya mto yamepungua. Hakuna aliyetundika taa za umeme. Tuliwasha vibatari vya mafuta, tukapikia kuni, na mashine ya Jasmaya ikanguruma siku zote tano za sikukuu.

Jasmaya akachungulia dirishani, akaona vibatari tu kila nyumba. "Nani kapanga zamu hii?"

"Wamejipangia wenyewe, mama."

Akalia. Siku ya tano aliketi, akampaka kaka yake Lalman rangi za baraka kwenye paji la uso, kama dada wote siku hiyo. Kabla ya adhuhuri alikuwa amekwenda.

Jana nilimuuliza Phulmati kama mama yake aliupenda moshi kweli. "Aliuchukia, kaka. Alipika huku machozi yanamtoka, anasingizia vitunguu."

Wasikilizaji, tulijua kila nyumba inahitaji nini. Ya kwake hatukuuliza. Mimi pia sikuuliza, na nilikuwa jirani yake.

Phulmati, Lalman, poleni sana. Msiba huu ni wetu sote. Nanyi mnaonisikiliza, kama nyumbani mwenu kuna mtu anayesema kila siku, "Mimi sihitaji," mwulizeni tena leo, angali anaweza kujibu.