Fundi Meno Alimpata Trauti, na Sisi Tuliona

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuchonga meno bandia katika maabara yetu, Fundi Meno anavua koti jeupe. Watu wangapi wanatafuna kwa kazi ya mikono yake? Hata faili zetu hazijui.

Lakini jamani, tusidanganyane: meno yalikuwa kazi, raha yake ilikuwa kutengeneza vyambo bandia vya kuvulia samaki. Saa ya chakula, wenzake tukikimbilia sahani, yeye alibana ndoana kwenye jiliwa dogo la mezani, akaizungushia waya mzito, uzi na unyoya, akaivika shanga ya shaba kichwani mpaka ikafanana na mdudu mchanga wa majini. Uzito ule hukizamisha chambo hadi chini ya mto, anakolia samaki aitwaye trauti. Alisema kazi hiyo humtuliza kuliko usingizi. Sisi ndio hatukutulia! Siku moja alichanganya vikasha: bibi mmoja akapelekewa vyambo sita, na mvuvi rafiki yake akafungua meno kamili ya juu. Bibi alirudi anacheka kinywa kitupu, akiuliza vinavaliwaje.

Shida ilikuwa moja tu. Miaka kumi na miwili ya kuvua, trauti hata wa dawa! Mkewe alishasema wazi kwamba mumewe anawavisha samaki shanga. Fundi akaapa mbele yetu kuwa hastaafu mikono mitupu, nasi tukaanza kuogopa ataomba mkataba mpya.

Jumamosi iliyopita tukamsindikiza mtoni, watu tisa. Vyambo vyake vizuri, vilivyosuguliwa vikang'aa kama meno ya mbele, trauti walivipita tu, na kimoja kimoja vikanaswa na mawe vikakatika. Kikabaki kimoja kilichokwenda upande, maana alipiga chafya akikifunga. Alitaka kukitupa. Katibu muhtasi akamkumbusha kwamba mdudu si jino, halazimiki kulingana na mwenzake wa kushoto. Haya, akakirusha. Kikazama. Uzi ukakaza, akapiga yowe, tukapiga yowe wote, na trauti huyo, anarukaruka! Fundi alilia machozi bila aibu. Kisha, mtu huyu, akamrudisha majini kabla hata mmoja wetu hajatoa simu.

Mpaka leo mkewe haamini. Shemeji, ni kweli, alimpata. Sote tisa tumetia sahihi hapa chini, na muhuri wa maabara tumeugonga.

Fundi wetu, asante kwa kila kinywa ulichokirudishia kicheko. Tunakuombea mapumziko marefu, afya tele, na nyumbani uaminiwe.