Kosa la Kuanguka Bila Idhini

Mgeni rasmi, Mwalimu Mkuu Elkana, walimu na wazazi wenzetu, assalaam aleikum, na hamjambo nyote.

KARIBU TIMBWANI

Tumefurahi umefika, nasi twakuomba radhi kwa kukupokea bila ngoma wala vigelegele. Si ukosefu wa adabu. Sababu yake ni binti wa miaka tisa aitwaye Jalila, na tumekubaliana tukueleze habari ya mamake, Bi Mwanakheri, mshonaji wa mtaa huu, maana ndiye aliyetukusanya.

TULIKOTOKA

Mwaka jana Bi Mwanakheri aliletewa barua kutoka shuleni: "Mwanao ameshtakiwa kwa kuanguka kitini bila idhini, mara kumi na moja kwa juma." Makosa mengine yalikuwa kuvunja penseli kwa kuzishika kwa nguvu mno, kuvua soksi darasani, na kujificha kabatini kengele ikilia. Aliisoma akiwa kwenye cherehani, akajishona kidole.

Akaitwa mbele ya halmashauri ya shule. Kiti nacho kikaitwa. Fundi alikipima miguu, naibu wa mwalimu mkuu akakikalia saa nzima asianguke, ikaandikwa kwamba kiti hakina hatia. Jalila akapewa majuma mawili ajirekebishe, la sivyo atafutiwe shule nyingine.

"Wallahi, mwalimu, mwanangu haanguki kusudi," akasema Bi Mwanakheri.

"Basi nani anamsukuma?" akauliza Mwalimu Elkana.

 Bi Mwanakheri alipofika nyumbani alimfinya mtoto mkono, kisha akalia yeye.

Kesho yake alivuka na mtoto kwa kivuko mpaka ng'ambo kwa Bi Nadhira, mtaalamu anayewasaidia watoto ambao miili na hisia zao hazipatani.

"Mwili wa Jalila haumpi habari sawasawa," akaambiwa. "Wewe ukifumba macho wajua mguu wako uko wapi; yeye lazima autazame. Mshono wa soksi kwake ni mwiba. Kengele yenu humlilia ndani ya meno. Si kiburi, si uvivu, wala hakurogwa."

MAFANIKIO

Halmashauri ilisikiliza maelezo hayo ikapiga miayo. Bi Mwanakheri akafungua mkoba wake.

"Nipeni dakika kumi na mmoja wenu. Mkiona ni uongo, ntamtoa mwanangu mwenyewe."

Mwalimu Elkana, kwa heshima zake, akakubali. Akavishwa shati lililoshonewa katani shingoni na glavu mbili nene kila mkono, akakalishwa juu ya mpira uliojazwa pumzi. Redio tatu zikafunguliwa pamoja: taarabu, kandanda na mawaidha. Akaagizwa afunge vifungo, kisha aandike: Mimi ni mtiifu.

Dakika ya nne penseli ilikatika. Ya tano aliporomoka. Katibu alipomgusa bega, mwalimu mkuu alipiga ukelele, "Niacheni! Zimeni!" akaingia chini ya meza, akakataa kutoka mpaka alipoahidiwa kahawa. Katibu, mtu mwaminifu, aliandika: "Mwalimu mkuu ameanguka bila idhini."

Alipotoka, nywele timtim, alimgeukia Bi Mwanakheri.

"Na mtoto huvumilia haya mpaka saa ngapi?"

"Mpaka saa tisa, mwalimu. Kila siku."

Tangu hapo kengele ilinyamazishwa. Siku hizi hupungwa leso nyekundu. Juma la kwanza darasa la sita, ambalo madirisha yake yako upande wa pili, lilibaki shuleni mpaka magharibi. Jalila huvaa soksi zikiwa zimegeuzwa, na kabla ya kuandika hubeba dumu la maji kuzunguka uwanja, kwani kazi nzito huupa mwili wake zile habari. Watoto wengine kumi na wanne wamepatikana kuwa na shida kama yake, nao hubeba. Bustani ya Mwalimu Elkana, maji yanakomwagwa, sasa ni kinamasi, naye hajalalamika. Muhula uliopita Jalila aliandika jina lake lote kwa penseli moja.

CHANGAMOTO

Honi ya kivuko humlaza Jalila kifudifudi, abiria wakamruka, na Bi Nadhira yuko ng'ambo. Tuliiandikia idara ya elimu barua tano kuomba mtaalamu aje huku japo mara moja kwa mwezi. Jibu lilikuja na lori: kengele ya umeme, yenye nguvu ya kusikika mpaka ufuoni Shelly Beach. Ndiyo hiyo nyuma yako, mgeni rasmi, iliyofungwa utepe. Ndiyo uliyoitiwa kuizindua.

MAOMBI

Kwanza, usiibonyeze. Utepe kata, picha piga, lakini kidole kiweke mfukoni.

Pili, utupatie mtaalamu.

Tatu, Jalila amesema atakuamkia. Amefanya mazoezi siku kumi. Mguso mwepesi humuunguza, kwa hivyo hatakupa mkono. Atakukumbatia kwa nguvu zake zote, nazo anazo. Mamake amekaa pale mbele, hajatia kitu kinywani tangu asubuhi. Twakusihi usirudi nyuma. Mbane nawe, umbane sana, mpaka aache mwenyewe.

Mwenyezi Mungu akuzidishie afya, awape wanao utulivu, akurejeshe kwako salama, inshallah.

Ni sisi,
Wazazi wa Watoto Kumi na Watano, Timbwani, Likoni.