Alikuwa Anatembea

NANYAMA: Haloo? Nani huyo? Sema haraka, niko wodini.

ELIAKIM: Dada, ni mimi. Eliakim.

NANYAMA: Eliakim! Nilidhani ni mtu wa huku. Hii namba ni ya nani?

ELIAKIM: Ya Zachary, dereva wetu. Yangu haina krediti, na hata hii imebaki kidogo. Habari ya Bungoma?

NANYAMA: Bungoma tuko tu. Jua kali, wagonjwa wawili kwa kitanda kimoja. Kitale je?

ELIAKIM: Mvua tangu juzi. Na wewe uko sawa?

NANYAMA: Mimi niko sawa. Wewe ndio sauti iko chini. Ni mayi? Mama amezidiwa?

ELIAKIM: Hapana, mayi ni mzima. Nilikuwa tu— nauliza. Leo hapo kwenu mmepokea mama ametoka Kamukuywa?

NANYAMA: Kamukuywa? Si wako wengi wanatoka—

ELIAKIM: Wa rangi ya maji ya kunde. Anaitwa Nelima. Ni tumbo.

NANYAMA: Nelima bibi ya Wekoye? Yule ameletwa na pikapu ya kabichi?

ELIAKIM: Pikapu?

NANYAMA: Ya kabichi, nakwambia! Amelazwa juu ya magunia, bwana yake amemshika kichwa. Na vile hiyo barabara imechimbika. Wewe unamjulia wapi?

ELIAKIM: Yuko aje?

NANYAMA: (Simu inakwaruza.) —sikii, rudia.

ELIAKIM: Nasema yuko aje!

NANYAMA: Ametoka thieta ya upasuaji saa hii. Mimba ilikaa nje ya kizazi, ikapasuka. Tumbo lilikuwa limejaa damu, Eliakim. Maskini hata hakujua ako na mimba.

ELIAKIM: Lakini atapona?

NANYAMA: Anapumua. Hajaamka vizuri. Daktari amekataa kusema neno. Lakini unajua kitu inaniuma? Ambulensi ilifika kwao asubuhi. Mpaka kwa boma! Ikageuza, ikaenda tupu.

ELIAKIM: Labda waliona—

NANYAMA: Waliona nini? Ati ni minyoo. Ati anywe dawa, akizidiwa aende dispensari. Mtu anavuja damu ndani, wewe unamwambia minyoo! Hebu nieleze, wewe si uko kwa hiyo kazi. Nyinyi mnaweza kumkataa mgonjwa? Kwa sheria gani?

ELIAKIM: Dada, kuna wakati. Ambulensi si teksi. Juzi juzi tulibeba mama mmoja kutoka Kiminini, analia tumbo njia yote, king'ora juu, watu wanatupisha. Kufika mjini akaruka, akaenda zake sokoni kununulia watoto sare. Bosi akatutusi mbele ya watu wote. Akasema kuanzia leo, mtu anayetembea na kuongea, msimpakie. Gari ni moja tu, Dada. Huku kuna mama anajifungua Endebess, huku kuna ajali—

NANYAMA: Leo kulikuwa na ajali?

ELIAKIM: Leo?

NANYAMA: Si nakuuliza. Leo asubuhi.

ELIAKIM: Hapana. Leo hakukuwa. Lakini alikuwa anatembea, Dada. Alikuja mpaka mlangoni na miguu yake, amejikaza leso tumboni, akatuambia karibuni ndani. Dada? Unanisikia?

NANYAMA: Ni wewe.

ELIAKIM: Alituambia karibuni. Mtu amezidiwa hivyo, kweli atakumbuka kusema—

NANYAMA: Ni wewe, Eliakim.

ELIAKIM: Ni sisi. Mimi na Zachary.

NANYAMA: Zachary anashika usukani. Nani anapima mgonjwa?

ELIAKIM: Mimi.

NANYAMA: Ulimpima presha?

ELIAKIM: Mashine ilibaki kwa gari.

NANYAMA: Ukamuuliza habari ya mwezi?

ELIAKIM: Bwana yake alikuwa amesimama hapo. Niliona aibu.

NANYAMA: Tumbo uligusa?

ELIAKIM: Tumbo?

NANYAMA: Uligusa tumbo?

ELIAKIM: Nilikuwa nimesimama mlangoni. Viatu vilikuwa na matope, nikaona nitachafua nyumba ya watu.

NANYAMA: Viatu.

ELIAKIM: Tulirudi, Dada! Haki ya Mungu tulirudi. Mchana chakula kilinikataa. Nikamwambia Zachary twende tena, tusimwambie bosi. Tukakuta nyumba imefungwa. Jirani akasema wamempeleka Bungoma. Ndio nimepiga.

NANYAMA: Umepiga nikwambie amepona, urudi ukale.

ELIAKIM: Usiseme hivyo.

NANYAMA: Nisemeje? Wewe ndiye ulinifanya nijivune hapa wodini, ati mdogo wangu anaokoa watu Kitale. Bwana yake unajua ananiambia nini?

ELIAKIM: Wekoye? Ananitafuta?

NANYAMA: Akutafute wapi! Anasema kosa ni lake. Gari yenu ilikwama mkitoka?

ELIAKIM: Ndiyo. Pale kwa shimo, karibu na lango.

NANYAMA: Nani aliisukuma?

ELIAKIM: Yeye. Yeye na jirani.

NANYAMA: Basi yuko hapa nje kwa benchi, matope yamekauka kwa suruali. Anasema hakueleza vizuri, hakusema kwa nguvu. Ati badala ya kuisukuma angelala mbele ya gari. Hajaweka kitu mdomoni tangu wafike.

ELIAKIM: Mungu wangu.

NANYAMA: Nimempelekea chai, ameikataa.

ELIAKIM: Dada, tafadhali. Usimwambie mtu. Bosi akijua, mimi nimefutwa.

NANYAMA: Kwa bosi yako utaenda mwenyewe, hiyo si kazi yangu. Lakini huyu mtu siwezi kumwangalia akibeba mzigo yako. Ngoja nitoke nje. Nampa simu.

ELIAKIM: Ngoja, ngoja bana! Nitamwambia nini?

NANYAMA: Vile ilikuwa. (Sauti yake inaenda mbali.) Baba, shika hii. Kuna mtu Kitale anataka kukusemesha.

WEKOYE: Haloo? Ni daktari?

ELIAKIM: Hapana, mzee. Mimi ni yule wa ambulensi. Ya asubuhi.

WEKOYE: Aa. Mlifika salama? Niliogopa mtakwama tena kule chini, kwa daraja.

ELIAKIM: Tulifika. Asante.

WEKOYE: Nelima amepasuliwa.

ELIAKIM: Nimesikia. Mzee, nisikize, krediti inaisha. Wewe hukukosa. Ulieleza vizuri.

WEKOYE: Mimi huongea polepole. Hata nyumbani wananiambia.

ELIAKIM: Nilikusikia. Ulisema ameanguka jikoni.

WEKOYE: Nilisema ameanguka?

ELIAKIM: Ulisema. Ukarudia tena nikielekea kwa gari.

WEKOYE: Kumbe nilisema.

ELIAKIM: Ulisema, mzee. Ni mimi nilikataa. Zachary alikuwa ameshafungua mlango wa nyuma, nikamwambia afunge. Sikuwa na haki ya kukataa. Sikumgusa hata mkono.

WEKOYE: Basi mbona ulituacha?

ELIAKIM: Nilikuwa nimechoka kudanganywa. Nikaona na yeye anadanganya.

WEKOYE: Nelima?

ELIAKIM: Nisamehe, mzee.

WEKOYE: Nelima hajui kudanganya. Akiwa mgonjwa anaficha. Leo ndio mara ya kwanza nimemsikia akisema anaumwa.

ELIAKIM: Nisamehe.

WEKOYE: (Simu inakwaruza.) —sijui. Mimi saa hii sijui kitu ya kukwambia. Akiamka ataniuliza kwa nini mlienda. Nilikuwa nafikiria nitamjibu nini.

ELIAKIM: Mwambie ni mimi.

WEKOYE: Hapana. Hayo siwezi kukubebea. Njoo umwambie wewe.

ELIAKIM: Nitakuja.

WEKOYE: Watu husema tu hivyo. Lini?

ELIAKIM: (Mlio wa krediti.) Haloo? Unanipata? Nitaku—

WEKOYE: Lini, nauliza? Haloo? Haloo! Sista, simu imekufa. Sijasikia amesema lini.

NANYAMA: Kesho.

WEKOYE: Wewe ulimsikia?

NANYAMA: Sikumsikia, baba. Ni mdogo wangu, tumezaliwa tumbo moja. Atakuja kesho, na asipokuja nitaenda kumleta.