Faustine Lugusha, Aliyengoja Kutaniwa

Marehemu Mzee Faustine Lugusha alizaliwa Tabora tarehe 8 Septemba 1941, mtoto wa tatu wa mwashi wa misheni. Alisoma hapo hapo Tabora hadi darasa la kumi, akipenda redio kuliko chakula.

Mwaka 1961 alivuka kwenda Unguja, akaajiriwa Tunguu, kwenye kituo cha Wamarekani cha kufuatilia vyombo vya angani. Kazi yake ilikuwa kuangalia jenereta zisizimike mwanaanga akipita juu. Baada ya Mapinduzi, Aprili 1964, kituo kilifungwa. Wamarekani wakampa pole, wakaondoka.

Mwaka uliofuata Warusi walimpa nafasi ya kusomea uhandisi wa redio, Kiev. Habari za watu kutua mwezini, Julai 1969, zilimkuta huko bwenini. Alizoea kutusimulia, "Niliowawashia jenereta wamefika, wanaonilisha wamenuna. Nishangilie kwa mdomo upi?" Aliporudi nyumbani, kila ofisi ilimwona ni mtu wa upande mwingine; Warusi nao wakampa pole.

Alifunga ndoa na mama yetu, Teresia, mwaka 1972. Miaka miwili baadaye walihamia London, mama alipopata kazi ya uuguzi.

Mwaka 1976 kampuni moja ya simu za satelaiti ilimkubali baba, ikabaki kutia saini tu. Kwa furaha akamwalika bosi wake mtarajiwa kwenye sherehe ya Uhuru, ukumbini Stratford. Mzee Kibwana, Mzaramo, mtani wake tangu Unguja, akashika maikrofoni: "Jamani, shikeni pochi zenu! Huyu Mnyamwezi jasusi! Kala mshahara wa Mmarekani, kala kabichi ya Mrusi, leo kaja kuwauza Waingereza!" Ukumbi ukavunjika mbavu. Mgeni akaomba kutafsiriwa, na mtu mwema akamtafsiria neno kwa neno. Yeye hakucheka. Kazi ikaota mbawa.

Baba aliishia dukani kwa Bwana Mahendra, Kingsbury Road, akitengeneza televisheni na kupanda mapaa ya watu kufunga madishi, hadi magoti yalipogoma mwaka 2006. Wakubwa waligombania mbingu, baba yetu akabaki kwenye ngazi. Tumechoka hata kulalamika.

Lakini kazi siyo iliyomuuma. Kilichomuuma ni kwamba tangu siku ile Mzee Kibwana aliacha kumtania. Alikuja kila Krismasi na keki, akaketi wima, akamwita "Bwana Faustine". Mama alimsihi, "Kibwana, mtukane basi. Mume wangu anakonda kwa adabu yako." Akajibu, "Shemeji, ulimi wangu ulishamharibia mtu riziki. Sithubutu tena."

Figo zilimsumbua baba tangu 2019. Alifariki hospitalini Jumanne, tarehe 14 Machi 2023. Siku mbili kabla alituambia, "Kibwana asinipe pole. Wamarekani walinipa pole, Warusi walinipa pole. Kwake nataka utani wangu."

Marehemu ameacha mjane, Teresia, watoto wawili, Evodius na mimi Placida ninayesoma, wajukuu wanne, na mtani mmoja, aliyesimama pale nyuma ameshika kofia.

Mzee Kibwana, sogea mbele, tafadhali. Vaa kofia yako. Jeneza halishuki mpaka umwite jasusi, kwa sauti, tusikie sote. Hapo ndipo baba atakapopumzika kwa amani.