Mgeni wa Mashua Ndogo Chini ya Mlima wa Barafu

Benchi la mbele ya duka la kijiji, huku kaskazini mwa Grinlandi, lina miguu mitatu. Wa nne ni kreti ya samaki. Kila asubuhi, ukungu uwe, theluji iwe, wanaume watatu wale wale wameshalikalia. Mzee Enok wanamwita Barometa, kwa sababu goti lake linajua hali ya hewa kabla ya redio. Tobias ni Kopenhageni. Alikwenda huko wiki mbili kung'olewa jino, na tangu arudi hakuna asilolijua. Juaaka ni Gumzo, na hilo halihitaji maelezo. Kahawa huletwa na Bibiane, mpwa wa Barometa, keshia wa duka, na asubuhi ile ya Agosti alikuwa amewachoka kabla hajamimina kikombe cha kwanza.

— Yule mgeni bado yupo? aliuliza Bibiane.

— Yupo, alisema Gumzo. Anafunga mizigo. Leo anaondoka.

Chini gatini, Marjun, mwanamke wa Visiwa vya Faro, alikuwa akipanga mabegi ndani ya mashua isiyofika mita tano. Alifika siku nne nyuma, yeye na roho yake, akielekea kaskazini kule ambako hata ndege hufikiri mara mbili. Mashua yake ndiyo pekee iliyobaki majini. Za kijiji zote zilikuwa zimevutwa juu, karibu na walipofungwa mbwa wa kukokota sledi. Kwenye mlango wa ghuba ulikuwa umekwama mlima wa barafu mrefu kuliko kanisa, na tangu juzi ulikuwa ukilia, kraa, kraa. Mlima ukilia hivyo huwa karibu kupinduka, na wimbi lake halichagui mashua ya mgeni wala ya mwenyeji. Njia ya kaskazini inapita chini yake.

— Mimi nasema ameachika, alianza Gumzo. Mwanamke hawezi kuja huku peke yake kama nyumbani kuna mtu wa kugombana naye.

— Acha zako. Ana pete, nimeiona, alisema Bibiane.

— Pete! Pete hata njiwa wa utafiti wanavalishwa.

Kopenhageni alikohoa kisomi.

— Huyo katumwa. Anatafuta madini. Jana kaokota jiwe, kaligeuza, karudisha. Mtu wa kawaida akiokota jiwe hulirusha. Na wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

— Jembe la nini, Tobias? Tunalima barafu hapa?

— Ni mfano, Bibiane.

— Mfano wa nini?

Kopenhageni alijitia kupuliza kahawa ambayo ilikwisha poa.

— Mimi ninachojua, alisema Gumzo, samaki mmoja akioza, wote wameoza. Sasa yeye yuko peke yake. Kwa hiyo haozi. Ndiyo maana anasafiri hivyo.

— Ee Mungu nipe subira, alisema Bibiane.

— Hamjaona kitu, alisema Barometa, na akashusha sauti. Huyo ni kivitoki.

Kivitoki ni mtu aliyewakimbia wenzake akaenda kuishi peke yake milimani, hata akaacha kuwa mtu.

— Mbwa hawambwekei, Barometa aliendelea. Anacheka mwenyewe. Na usiku anatembea juu ya maji, Juaaka kamwona.

— Nilimwona juu ya gati, mzee.

— Gati lipo juu ya nini?

— Kivitoki analipa kwa kadi, mjomba? Ananunua biskuti? Bibiane aliweka chupa ya kahawa chini kwa kishindo. Nyinyi watu wazima mna akili gani? Mlima ule unalia! Mashua zenu mmezipandisha juzi, mkasaidiana hadi ya mjane. Yake mkaiacha. Mwambieni asipite!

Walimtazama kama mtu aliyetukana ibadani.

— Binti yangu, alisema Barometa taratibu, mwenye macho haambiwi tazama.

— Malik naye alikuwa na macho, mjomba.

Malik alikuwa kaka yake Bibiane. Miaka mitatu nyuma alitoa sledi yake ya mbwa juu ya barafu ya ghuba, wakati kila mtu kijijini alijua imeshakuwa nyembamba. Huku mtu mzima haelekezwi. Ukimwambia usiende, umemwita mtoto mchanga. Basi Bibiane alimpa glavu zake mlangoni, akafunga mdomo kwa heshima. Walichopata ni mbwa wawili. Na siku nne hizi alikuwa amempigia hesabu huyu Marjun kwenye kaunta, asubuhi na jioni, akamwambia asante, karibu tena. Alijichukia kuliko alivyowachukia hao watatu.

— Anakuja, alinong'ona Kopenhageni.

Marjun alipanda ngazi za duka, buti za mpira miguuni, akasimama mbele yao. Aliwasalimu. Wakamjibu kwa adabu zote.

— Nina swali moja tu, alisema. Nyinyi mngekuwa mimi, mngepita pale leo?

Kopenhageni aliinama kufunga kamba za viatu visivyo na kamba. Gumzo aligeuka kuwatazama mbwa. Barometa alisugua goti.

— Bahari ni bahari, alisema.

Marjun aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa jibu alilolitarajia, akageuka.

— Usiende! Bibiane alipiga kelele hadi mbwa wakasimama. Utakufa! Ule mlima utapinduka, leo au kesho. Wote tunajua. Mashua tumezipandisha kwa ajili hiyo, na hakuna aliyekwambia, hata mimi. Usiende, mama, nakuomba.

Uso ulimwaka kwa aibu. Hakuna aliyethubutu kumtazama.

Marjun alirudi hatua mbili, akaketi kwenye ncha ya benchi.

— Niliziona mashua zikipanda, alisema. Nikangoja mtu aje aniite. Mkawa mnanitazama tu, mnanong'ona. Nikajua hamnitaki hapa. Ndiyo maana leo nilikuwa naondoka.

Mlima ulilia tena, kraa, na safari hii uliendelea kulia kwa muda mrefu.

Barometa alinyanyuka kwa shida, akamwaga kahawa yake kwenye mawe. Katika miaka yake sabini na moja hakuwahi kumwamuru mtu mzima asiye wake.

— Juaaka, kamba, alisema. Tobias, shika nyuma. Nawe binti, shuka upesi ukatoe mizigo yako. Hiyo mashua inapanda sasa hivi.