Injini Aliyoisikia Baba Yetu, Asadi Sudi Namkopi

Masheikh wetu, wazee wa Mahurunga, wakwe zetu mliotoka Mikindani, majirani, wenzangu wa bandarini, ndugu na jamaa wote, assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Mimi ni Sudi, mtoto wa kwanza wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya baba yetu kabla hatujamswalia na kumpeleka makaburini. Mtanisamehe nikisoma polepole, si kwa sababu ya msiba peke yake, naogopa. Jana baba mkubwa Abdulrahmani alinishauri, kwa mapenzi yake, nisome tu kwamba marehemu aliugua ghafla akafariki, kisha tukazike, lakini ugonjwa uliotuchukulia baba una jina, na haukutoka nyumbani mwetu pamoja naye. Yuko mmoja wetu umeshaanza kumshika, na akifichwa kama alivyofichwa baba, tutarudi kukaa kwenye mikeka hii hii. Kwa hiyo nitausema.

Marehemu Asadi Sudi Namkopi alizaliwa tarehe 12 Machi 1972 hapa Mahurunga, akiwa mtoto wa pili wa marehemu mzee Sudi Namkopi, ambaye mimi nimepewa jina lake, na marehemu Bi Mariamu, wakulima wa korosho na mihogo. Alisoma madrasa hapa hapa kijijini, na elimu ya msingi kuanzia mwaka 1981 hadi 1987, na waliosoma naye, wengine nawaona mbele yangu, wanasema alikuwa mwanafunzi mzuri miezi yote isipokuwa ile ya mabibo, matunda ya mkorosho, ambapo mwalimu alijua kabisa asimtafute darasani.

Mwaka 1990 alikwenda Naliendele kufanya kibarua kwenye mashamba ya utafiti wa korosho, na huko akajifunza kubebesha miche, yaani kuchukua kikonyo cha mkorosho mzuri na kukiunga juu ya mche mchanga mpaka viwe mti mmoja, kazi inayotaka kisu kikali na mkono usiotikisika. Alirudi nyumbani mwaka 1996, akaanzisha kitalu chake nyuma ya nyumba, na mikorosho mingi mliyoipita leo mkija hapa msibani imetoka kwenye mikono yake. Alikuwa mtu wa utani sana, ukimpelekea kikonyo kibaya anakigeuza geuza halafu anakuuliza kama mbuzi wako ameshakikataa ndipo ukamletea yeye.

Tarehe 8 Agosti 1998 alifunga ndoa na mama yetu, Bi Zainabu, na Mwenyezi Mungu akawajaalia watoto watatu, mimi mwaka 2000, Asia mwaka 2004, na Hadija mwaka 2009. Alikuwa baba wa kutubeba mabegani hata tulipokuwa tumeshakuwa wazito, na mama alikuwa akimkemea kwamba atavunjika mgongo, naye anajibu kwamba mgongo ni wake.

Ugonjwa wa baba ulianza mwaka 2020, na nawaomba tuukumbuke mwaka ule ulivyokuwa hapa kandokando ya mto, maana ndiyo sababu hatukuuona. Ng'ambo ya mto, nchi jirani, kulikuwa kumechafuka kwa vita, watu wakivuka na watoto mgongoni bila hata kanga ya kubadili, kila mmoja wetu akilala na viatu miguuni, na kijiji kikaweka walinzi wa zamu kwenye kingo za Ruvuma, baba akiwa mmoja wao. Basi baba akawa anasikia injini ya boti kabla ya wenzake, kisha akawa anaisikia ambapo wenzake hawaisikii kabisa, nasi tukamsifu, tukasema Asadi ana masikio. Siku moja kijiji kizima kilikimbilia mikoroshoni kwa neno lake, tukakaa huko kutwa na njaa, hakuja mtu, na bado mliporudi mlimshika mkono mkamwambia, "Bwana Asadi, bora tukimbie bure." Hofu yake ilifanana na hofu yetu sote, ikakaa katikati yetu bila kujulikana, na sisi tulioishi hapa ndio pekee tungeweza kukosea namna ile, kumpa mgonjwa zamu ya ulinzi kwa sababu anaogopa vizuri kuliko sisi.

Utulivu uliporudi mwaka 2022, zamu zikavunjwa, watu wakarudi kupuliza salfa, dawa ya mikorosho, mashambani, hofu ikatutoka mmoja mmoja, lakini yeye haikumtoka. Aliacha kulala, akaacha kuoga, akaacha kula chakula cha mama akidai kimewekwa kitu, akawa anajibu maneno ya mtu ambaye hatumwoni, akaamini kwamba redio ya jirani inataja jina lake ili walio ng'ambo wajue alipo. Kitalu kikakauka, naye anakipita kama si chake. Utani wote ule ukaisha, na mama anasema hicho ndicho kilichomshtua zaidi, kwamba amekaa na mumewe wiki nzima hajamtania hata neno moja.

Siku ya Jumamosi tarehe 16 Julai 2022 nilikuja kutoka mjini, ninakofanya kazi bandarini, mchana jua linawaka, nikakuta madirisha yamezibwa kwa magunia ya korosho na mama analia mlangoni, na ndani, mahali palipokuwa na kitanda, nikakuta shimo limefunikwa bati, baba ameketi pembeni yake na panga mapajani, na chini ya bati mdogo wangu Hadija, amejikunyata kwenye udongo tangu asubuhi. Baba aliniangalia kwa upole kabisa, akaniambia, "Ingia mwanangu, wameshafika, nafasi yako nimekuwekea." Panga lile hakuwahi kumnyanyulia mtu, na daktari baadaye alituambia kwamba wagonjwa wengi wa namna hii huumizwa na watu kuliko wao kuumiza watu. Kilichonitisha mimi ni ule upole, kwamba alikuwa baba yule yule, anatupenda vile vile, anatuokoa kwa nguvu zake zote, na kumbe hakuna kitu nje isipokuwa kuku.

Baba mkubwa alisema ni jini la mtoni, tukampeleka kwa mganga, akafukizwa, akanyweshwa kombe, yaani maji ya aya zilizooshwa, akafungwa mguu kwenye gogo kwa wiki kadhaa, na alipotoka alikuwa na kidonda kwenye kifundo cha mguu na injini akiisikia kama kawaida. Simsemi baba mkubwa vibaya, alifanya alichokijua, na nilimwona akijifuta machozi kwa kofia yake. Kidonda ndicho kilichotupeleka zahanati, kwa muuguzi Magreth, ambaye alipokuwa akikisafisha alimuuliza baba mambo ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza, anasikia nini, tangu lini, sauti zinamwambia nini, na baba akamjibu yote bila kificho, kama mtu aliyekuwa akisubiri kuulizwa.

Tarehe 3 Oktoba 2022 tulifika hospitalini mjini, kliniki ya afya ya akili, na daktari akatuambia jina la ugonjwa, skizofrenia, akatueleza bila haraka kwamba ni ugonjwa wa ubongo kama vile kisukari kilivyo ugonjwa wa mwili, hautokani na kurogwa wala hauambukizi, kwamba mgonjwa husikia au kuona kisichokuwepo na akakiamini kabisa, hushika wazo ambalo huwezi kulitoa kwa kubishana naye, hujitenga, hupoteza usingizi na hamu ya mambo aliyoyapenda. Alisema dalili zikionekana mapema na tiba ikianza mapema mtu huendelea na maisha yake, ila dawa haiachwi kwa sababu mgonjwa amepata nafuu, maana nafuu yenyewe ndiyo kazi ya dawa. Mama aliuliza kama watoto watarithi, akajibiwa kwamba mtoto wa mgonjwa ana uwezekano mkubwa zaidi kuliko wengine, lakini wengi hawapati kabisa, na mimi nilibeba hilo neno wengi nikaondoka nalo.

Tiba haikuwa rahisi. Vidonge vya mwanzo vilimtetemesha mikono, akawa hawezi kushika kisu cha kubebeshea, na siku ile alipoharibu miche mitatu mfululizo alikaa chini akalia mbele yetu, lakini tulirudi kwa daktari, dawa ikabadilishwa, akawekwa kwenye sindano ya kila mwezi, na mikono ikatulia. Kuanzia mwaka 2023 kitalu kilirudi kijani, na utani ukarudi. Injini haikwisha kabisa, mara moja moja aliisikia, na kliniki walimfundisha kwamba ikija asikimbie, amuulize kwanza mtu anayemwamini. Basi nikija kutoka mjini tupo kitaluni, yeye na kisu chake, ananyanyua kichwa, anauliza, "Sudi, unaisikia?" nami nasema, "Siisikii, baba," naye anasema, "Basi si yetu," anaendelea kufunga mche. Miaka karibu mitatu tuliishi hivyo, na nawaambieni ilikuwa miaka mizuri.

Mwezi Septemba mwaka huu familia ilipeleka posa yangu Mikindani, kwa Sabra, na wakwe zetu mkatupokea kwa heshima. Hapo ndipo wakubwa wetu walipokaa, mimi nikiwa bandarini kwenye msimu wa korosho, wakaona baba mkwe hapaswi kuonekana kwenye foleni ya kliniki ile, kwamba watu wa Mikindani wana ndugu wengi mjini, na posa zimeshavunjika kwa mambo madogo kuliko hayo. Wakamwomba baba akakae shamba mpaka ndoa ipite, na baba, kwa kunipenda mimi, akakubali. Alikosa sindano ya Septemba, akakosa ya Oktoba, na vidonge vikabaki nyumbani kwa sababu watu wa shambani wangeviona. Mama alisema, hakusikilizwa, na mimi niliambiwa kwamba baba yuko shamba anaokota korosho.

Asubuhi ya Jumanne tarehe 18 Novemba 2025 alionekana akikimbia kuelekea mikokoni, upande wa mlango wa mto, akiwapigia kelele waliokuwa wakiokota korosho, "Kimbieni! Hamsikii?" Maji ya bahari yalikuwa yametoka, akaingia ndani kabisa ya mikoko kujificha, miguu ikazama kwenye tope, na maji yakajaa. Mlimtafuta siku hiyo na siku iliyofuata, na jana Alhamisi, maji yalipotoka, mkampata. Baba yangu hakutaka kufa, alikuwa anakimbia ili aishi, nawaomba hili lieleweke kwa kila mtu atakayelisimulia.

Tunamshukuru daktari na wauguzi wa kliniki, tunamshukuru muuguzi Magreth, majirani mlioingia topeni na kamba zenu bila kuulizana nani zamu yake, wakulima wenzake mliofunga mashamba, na wenzangu wa bandarini mliokodi gari kuja. Wasiotajwa wasihuzunike, tumewaona.

Sasa nimfikie huyo mmoja niliyemtaja mwanzo, nisije nikaketi bila kusema. Ni mimi. Tangu mwezi wa kumi naisikia injini. Bandarini sikushtuka, bandarini injini hazikauki, nani atajua ipi ipo na ipi haipo, lakini nikaanza kuisikia chumbani kwangu, nikaisikia msikitini katikati ya swala, na sasa chini yake kuna mtu anasema jina langu taratibu. Nimewaona wawili kati yenu leo wakinong'onezana, na akili yangu imeniambia wananipangia jambo, na sina hakika kama ni kweli, na huko kukosa hakika ndiko kunakonitisha. Ninaogopa kuliko nilivyoogopa mbele ya lile shimo.

Wakwe zangu, posa mliikubali bila kujua, sasa mnajua, na mkibadili shauri sitawalaumu wala sitawachukia. Baba mkubwa, Jumatatu nakwenda kliniki, na naomba unisindikize wewe mwenyewe, umevaa kanzu yako nzuri, tukae wote kwenye ile foleni. Usinipeleke shamba.

Asia, mdogo wangu, najua uko hapo dirishani na mama. Naisikia sasa hivi, inatokea upande wa mto. Nakuuliza mbele ya watu wote hawa, na unijibu kwa sauti. Unaisikia?

Ahsante, mdogo wangu. Basi si yetu.

Baba, na wewe sasa hakuna wa kukufukuza, pumzika kwa amani.