Historia ya Mama Phelista Nakhungu, Aliyeuawa na Maji ya Mfereji

Ndugu waombolezaji, mimi ni Ivy, mke wa Tonny, na familia imenituma niwasomee maisha ya mama mkwe wangu, Phelista Nakhungu, aliyezaliwa tarehe 14 Agosti 1959 huko Kanduyi, Bungoma, akiwa binti wa marehemu mzee Wekoye na marehemu mama Edah.

Alisoma Kanduyi kuanzia mwaka 1967 hadi darasa la saba mwaka 1973, ambapo homa ya ini ilimlaza miezi mingi na kumkatiza masomo. Mwaka 1978 aliolewa na Eliakim Mukhwana, wakahamia hapa Endebess, Mungu akawajalia watoto wanne, Tonny akiwa kitinda mimba, na tangu mwaka 1988 alikuwa mpishi wa shule yetu ya msingi, na wengi mlioketi hapa mmelelewa na uji wake.

Januari mwaka huu wa 2006, kiangazi kilipopunguza maji ya bwawa linaloleta maji ya mifereji yetu ya nyumbani na ya shule, utando mwembamba wa kijani ulionekana ukingoni, naye Mama akaenda kwa kamati ya maji, akaomba mifereji ifungwe na maji yapelekwe Kitale kupimwa kabla utando haujaenea, lakini mwenyekiti, mzee Wabwile, alimjibu mbele ya watu, "Mama, si hata ng'ombe anapenda kijani?" wakacheka. Ukweli ni kwamba wafadhili wa bwawa walitarajiwa Februari, na kamati haikutaka wakute mifereji mikavu, kwa hivyo vijana walitumwa kuopoa utando kwa neti za mbu, wageni wakapigwa picha, wakaenda zao.

Kamati ilituambia tuchemshe, na Mama alichemsha kuliko sisi sote, akanywa, akaugua tarehe 20 Februari, akatapika, macho yakageuka manjano, na daktari wa Kitale akatueleza kwamba sumu ya utando ule haiondoki kwa kuchemsha, na ini lililowahi kuugua haliihimili. Alifariki tarehe 3 Machi. Maji yalipimwa akiwa tayari mochari, sumu ikapatikana, na hadi asubuhi ya leo mifereji bado iko wazi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani mliokesha nasi, na walimu aliofanya kazi nao. Kamati ya maji hatuishukuru. Wanakamati, tangi la maji mlilotuletea kama rambirambi liko langoni, halijaguswa, na chai ya leo imepikwa kwa maji ya chemchemi ambayo akina mama wameyabeba kwa kichwa. Mzee Wabwile, ukitoka hapa, kabla hujafika kwako, pitia bwawani ufunge mifereji, kwa maana Jumatatu watoto wa shule watakuja na kiu.

Pumzika kwa amani, Mama, sisi hatutapumzika mpaka afunge.